Sloti ya dubwi na sloti ya NFL: neno moja, au majina yamegongana tu?

Kalamu_ya_Sinza

Wakuu, heshima kwenu.

Natakiwa kuandaa karatasi ya ukurasa mmoja, Kiswahili kitupu, itakayogawiwa kwenye ukumbi mmoja huku Sinza usiku wa Super Bowl, fainali ya NFL, ligi ya mpira wa Marekani. Kwa saa zetu mpira unaanza saa 8:30 usiku wa kuamkia Jumatatu, kwa hiyo watakaokuja ni wenye moyo kweli. Wengi ni watu wa Simba, Yanga na ligi ya Uingereza. Mpira wa Marekani wanaujua kwa kuusikia.

Neno linaloleta kizaazaa ni "sloti". Mtangazaji akilitamka, nusu ya ukumbi inadhani ni tangazo la kamari. Siwalaumu: kwenye programu za kubeti za simu neno hilo limekaa juu kabisa, na mtaani sloti ndiyo dubwi lenyewe, lile linalokula sarafu za mia mbili.

Naomba msaada kwenye haya:

1. Ni neno lilelile, au ni mawili yaliyofanana sauti?
2. Mpokeaji wa sloti anasimama wapi hasa, na kwa nini pale? Nataka vipimo, sitaki "yupo katikati hivi".
3. Dubwi linaamua matokeo saa ngapi: sarafu ikiingia, ukibonyeza, au taa ikisimama?
4. Tuiiteje kwa Kiswahili?

Mwenye uelewa wa kutosha tafadhali, sio wa kugugo dakika tano. Nawasilisha.

---

YadiKumi

Mkuu, la kwanza: sloti si mtu, ni mahali. Ukilishika hilo mengine yananyooka.

Timu yenye mpira ina watu 11. Sheria ya NFL inataka wasiopungua 7 wawe kwenye mstari, yaani usawa wa pale mpira ulipowekwa, mpira unapoachiwa. Watano wa hao saba ni yale majitu ya katikati yanayomlinda kwotabeki, yule anayerusha pasi. Hayaruhusiwi kupokea pasi. Wawili waliobaki ni wa ncha, mmoja kila upande, na hao wanaruhusiwa. Nyuma ya mstari wanabaki wanne: kwotabeki, mkimbiaji, na wapokeaji wawili.

Sasa angalia upande mmoja tu, tuseme kushoto. Jitu la mwisho la mstari limeinama pale. Mbali kule karibu na chaki ya pembeni ya uwanja kuna mpokeaji wa ncha. Makocha humwita X. Kati ya hao wawili kuna uwazi wa yadi 10, 15, hata zaidi. Uwazi huo ndio sloti. Anayesimama ndani yake, nyuma kidogo ya mstari, ndiye mpokeaji wa sloti. Mkimbiaji akihamia pale kwa jaribio moja, kwa jaribio hilo yeye ndiye wa sloti. Jezi yake haijabadilika, kilichobadilika ni aliposimama.

Kwa watu wa Dar: taa za Fire, Barabara ya Morogoro, daladala mbili zimesimama sambamba kwenye mstari mweupe. Bodaboda amejipenyeza katikati, tairi lake la mbele limebaki nyuma ya bampa zao. Taa ikiwaka kijani ana njia mbili, kulia au kushoto, na hakuna aliyemgusa bado. Ndiye huyo.

Ile "nyuma kidogo" ndiyo inayozaa adhabu. Refa anatazama vitu viwili: kofia ya mchezaji, na kiuno cha senta, yule anayeachia mpira. Kofia ikivuka usawa wa mkanda wa senta, mchezaji anahesabiwa yuko mstarini. Makocha hufundisha kusimama yadi nzima nyuma, yaani sentimita 91, kuondoa ubishi. Yanayoharibika ni haya:

Wa sloti akisogea mpaka mstarini huku X naye yuko mstarini, wa sloti amefunikwa. Si wa ncha tena, hayuko nyuma, haki ya kupokea imekwenda. Akiudaka mpira ule, filimbi, yadi 5.

X akirudi nyuma kwa kusahau, mstarini wamebaki 6. Yadi 5 nyingine. Ndiyo maana kabla ya mpira utamwona mpokeaji wa pembeni akimtazama refa wa upande wake au kumnyooshea kidole. Hagombani naye, anahakikisha yuko wapi.

Halafu kuna kutembea. Mpira ukiachiwa, mmoja tu ndiye anayeruhusiwa kuwa kwenye mwendo, sambamba na mstari au kurudi nyuma, kamwe si kwenda mbele. Wakihama wawili, timu nzima itulie sekunde moja kamili kwanza. Ukiona video ya mtu anakuja mbio kuelekea mstarini mpira ukiachiwa na hakuna filimbi, hiyo ni Canada, wanacheza 12 na sheria yao inaruhusu. Usiitumie kwenye karatasi yako, utawachanganya watu.

Kwa nini pale? Uwanja una upana wa yadi 53 na theluthi. X amebanwa na chaki. Beki akikaa upande wa ndani ameshamwibia nusu ya uwanja. Wa sloti hana chaki karibu, beki akiziba kulia yeye anakata kushoto. Tena yuko nyuma ya mstari, kwa hiyo kumwekea mikono kifuani hatua ya kwanza ni kazi. Akishapita yadi 5 kutoka mstarini, beki haruhusiwi kumsukuma wakati kwotabeki bado ana mpira pale nyuma: adhabu ni yadi 5 na majaribio ya wenye mpira ya kusonga mbele yanaanza kuhesabiwa upya.

Njia yake kuu ni ile ya chaguo. Anakwenda mbele yadi 5 au 6, anamsoma beki. Beki yuko ndani, anakata nje. Beki yuko nje, anakata ndani. Mabeki wanalinda maeneo badala ya mtu, anasimama wima kwenye uwazi kati ya wawili na kugeuza kifua kwa kwotabeki. Hapo kwenye kusimama ndipo wageni wanapokosea: akiendelea kukimbia anatoka kwenye uwazi na kuingia mikononi mwa beki wa eneo linalofuata. Kosa jingine ni kukata kwa kuzunguka kama daladala inapinda kona, badala ya kukanyaga na kugeuka. Ule mzunguko unampa beki hatua moja na nusu, na hiyo inatosha kuugusa mpira.

Na kwotabeki lazima asome kilekile. Mmoja akiona "mtu kwa mtu" na mwingine akiona "eneo", mpira unarushwa mahali pasipo na mtu, au pana mtu wa timu nyingine. Mtazamaji anadhani kwotabeki kachemka, kumbe ni wawili wamesoma kurasa tofauti.

Na msiandike kwamba lazima awe mfupi. Wes Welker, mpokeaji wa sloti, alikuwa wa sentimita 175 hivi, sawa. Cooper Kupp ana 188, na msimu wa 2021 alidaka mara 145 kwa yadi 1,947, sehemu kubwa akitokea sloti, kisha akachukua tuzo ya mchezaji bora wa Super Bowl ya Februari 2022.

---

FundiBodi

Swali la 1 na la 3 niachieni.

Neno ni lilelile. Maana yake ni upenyo mwembamba, basi. Marekani ya miaka ya 1880 na 1890 kila mashine iliyokula sarafu iliitwa kwa kile kitundu cha sarafu, hata iliyouza pipi au kukupima uzito. Kamari ilikuja kulichukua jina mpaka likawa lake peke yake. Charles Fey, fundi wa San Francisco, ndiye aliyetengeneza ile yenye magurudumu matatu na alama tano, Liberty Bell, mwishoni mwa karne ya 19. Ililipa senti 50 ukipata kengele tatu. Kwa hiyo mashine ina jina la mdomo wake.

Sasa dubwi. Nifuate sarafu ya mia mbili, ile ya simba wawili, hatua kwa hatua.

Inaingia kwenye kipokea sarafu. Aina ya kawaida ina sarafu ya mfano imebanwa ndani, kati ya koili mbili. Yako inapita kati ya koili nyingine. Saketi inalinganisha ishara za hizo mbili. Zikifanana, sumaku inavuta kilango na sarafu inaangukia ndani. Zisipofanana, inateleza na kurudi chini. Haisomi namba 200 wala picha. Inasoma madini, unene na kipenyo. Ndiyo maana sarafu iliyolika kingo au yenye gundi inarudi hata ukiibembeleza, na ukiweka ya mfano iliyochakaa, mpya ndizo zinazokataliwa. Kuna skrubu ndogo ya unyeti: ukikaza mno inakataa halali, ukilegeza mno inakubali hata vyuma vya mtaani.

Sarafu ikipita, kipokezi kinatuma pigo moja la umeme kwenye bodi. Pigo moja, salio moja. Ukisikia "imemeza na haijahesabu", mara nyingi pigo ni fupi kuliko bodi inavyosubiri (kuna swichi ya fupi, kati na refu), au swichi ya aina ya mguso imewekwa kinyume, au waya wa ishara umelegea. Hakuna uchawi, na kuipiga mashine teke kunalegeza waya wa pili.

Hadi hapo hakuna kilichoamuliwa. Sarafu ni salio tu.

Kuamua kunatokea unapobonyeza kitufe cha kuanza. Kwenye mashine za kasino zilizopimwa, programu ya namba nasibu inazunguka muda wote, hata usiku watu wamelala, ikitoa namba mfululizo. Kubonyeza kunachukua namba ya wakati ule, namba inabadilishwa kuwa kituo cha kila gurudumu, malipo yanajulikana papo hapo. Kinachofuata, magurudumu kuzunguka, taa kukimbia, muziki, ni maonyesho. Kwenye dubwi ile taa inayopita kwenye mduara wa matunda (mengi yana vituo 24) ikipunguza mwendo na kukuacha kituo kimoja kabla ya BAR, alama ya zawadi kubwa, haijapunguza kwa sababu imechoka. Ilishajua inakokwenda kabla haijaanza.

Na hapa ndipo watu wanapopigwa hesabu. Unaona vituo 24, unasema nafasi ya BAR ni moja kwa 24. Unahesabu picha, bodi haihesabu picha. Kila kituo kina uzito wake ndani ya programu. Wazo hili lina hati: Inge Telnaes alipewa hataza Marekani mwaka 1984. Gurudumu la chuma lilikuwa na vituo 22. Matatu yanatoa michanganyiko 22 × 22 × 22, yaani 10,648. Programu ikijifanya kila gurudumu lina vituo 64, michanganyiko inakuwa 262,144. Alama ya zawadi kubwa ikipewa kituo kimoja tu kati ya 64 kwenye kila gurudumu, nafasi imeshuka karibu mara 25, na machoni gurudumu ni lilelile. Vituo vilivyozidi hugawiwa zaidi zile sehemu tupu zilizo juu na chini ya alama kubwa. Ile "imenipita kidogo tu" inatengenezwa hivyo.

Asilimia ya rejesho, yaani kiasi mashine inachowarudishia wachezaji, nayo haieleweki. Mashine ikiandikwa 90, haimaanishi ukiingia na elfu kumi utatoka na elfu tisa. Asilimia inapigwa kwenye jumla ya ulichozungusha. Shilingi 200 kwa mzunguko, mizunguko 500 kwa saa, umezungusha 100,000. Wastani wa kupoteza ni 10,000, ingawa mfukoni uliingia na 10,000 tu na ushindi wako ukawa unarudi humohumo. Huo ndio utaratibu mzima: pesa ile ile inakatwa kila inapozunguka. Nevada wameweka sakafu ya asilimia 75, New Jersey 83. Chini ya hapo mashine haiingii sakafuni.

---

Mjukuu_wa_Magomeni

FundiBodi umeeleza vizuri mkuu, ila mtaani wanasema ukiona mtu kapoteza sana ukae wewe, mashine imeshiba inakaribia kutapika. Hii vipi?

---

FundiBodi

Mjukuu, kwa mashine ya namba nasibu ni uongo mtupu. Mzunguko wa 1,001 haujui wa 1,000. Haina tumbo la kushiba. Kisanduku kikijaa sarafu kinachobadilika ni uzito wa kisanduku.

Ila usiape kwa kila mashine. Zipo zinazofuata mizani: programu inatunza hesabu ya zilizoingia na zilizotoka, ikitoa zaidi ikiwa nyuma ya asilimia na kubana ikiwa mbele. Uingereza baadhi ya mashine za baa zinaruhusiwa kufanya hivyo na zinatakiwa ziwe na maandishi kwamba zinaweza kuathiriwa na michezo iliyopita. Bodi za bei rahisi za matunda zinazouzwa kutoka China nyingi zina menyu au swichi ndogo za kuweka kiwango cha ugumu, na mwenye mashine ndiye mwenye ufunguo. Sasa fikiria: hata ikiwa ya mizani, wewe uliyesimama nje huioni hesabu yake. Umemwona mmoja amepoteza elfu ishirini. Hujaona asubuhi ilimlipa nani elfu sitini. "Imeshiba" kwako inaweza kuwa bado ina deni.

Kwa hiyo kwenye karatasi usiandike kanuni yoyote ya kuvizia. Na kwa kuwa ukumbini huenda wakaja vijana: chini ya miaka 18 hairuhusiwi, na mashine halali iko chini ya leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, kwa Sheria ya 2003. Isiyo na leseni haina hata pa kulalamikia.

---

SentiTano

Kuna kitu wote wawili mmekipita, na ndicho kitamu zaidi kwenye mada hii. Mpira wenyewe una sarafu ndani.

Timu inayozuia kwa kawaida ilikuwa na mabeki wanne wa nyuma. Wapinzani wakileta mpokeaji wa tatu kwenye sloti, kocha anatoa mtu mzito wa kati na kuingiza beki wa tano. Mpangilio huo unaitwa nikeli, kwa sababu nikeli ni sarafu ya Marekani ya senti 5. Wakiingia mabeki sita unaitwa daimu, yaani senti 10: nikeli mbili, mabeki wawili wa ziada. Na Liberty Bell ya Fey ilikuwa inakula nini? Nikeli. Tundu la mashine na nikeli, sloti ya uwanjani na nikeli. Majina hayakupangwa na mtu mmoja, ila yamekutana.

Kwa mtazamaji hii ina faida. Hesabu mabeki wa nyuma kabla mpira haujaachiwa. Watano: beki wa nikeli yuko mbele ya mtu wa sloti, vita ni ya miguu kwa miguu. Siku hizi nikeli ndiyo inayochezwa zaidi ya nusu ya muda, kwa hiyo utaiona sana. Wanne tu, na mbele ya mtu wa sloti amesimama lainibeka, yule mtu mzito wa kati, wa kilo 105: mtazame kwotabeki, kuna uwezekano mkubwa mpira unakwenda pale. Yule lainibeka amezoea kwenda mbele kugonga. Kumfukuza mtu mwepesi kwa upana wa uwanja ni kumtuma asikokujua.

Halafu angalia pale mtu wa sloti anapotembea kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Beki akimfuata mpaka ng'ambo, kwa kawaida ni mtu kwa mtu. Mabeki wakisogea nusu hatua tu na kupeana ishara, wanalinda maeneo. Kwotabeki amemtembeza ili apate jibu hilo. Mara nyingi mwendo wenyewe hauna kazi nyingine.

Bei ya kumweka beki wa nikeli ni mbio za katikati. Umetoa mzito umeweka mwepesi, wenye mpira wakaamua kukimbia nao badala ya kurusha, beki wa kilo 85 anakutana na jitu la kilo 140 linalomsukuma nje ya njia. Mpira huu ni wa kubadilishana: unaziba tundu hili, lile linafunguka.

Mfano wa kuonyesha kwa video, kama ukumbi una intaneti: Super Bowl ya Februari 2019, Patriots 13, Rams 3. Julian Edelman alidaka mara 10 kwa yadi 141 akawa mchezaji bora. Mechi yenyewe ilikuwa kavu, watu wengi walisinzia, ila kwa somo la sloti sijui bora zaidi. Akiwa chuo alikuwa kwotabeki, na inaonekana jinsi anavyosoma beki.

---

Dada_wa_Kamusi

Nimesoma yote, nije kwenye swali la 4.

"Nafasi" isitumike. Ni pana mno. Nafasi ni ya kazi, ya kukaa, ya kufunga goli. Msomaji ataelewa "mpokeaji aliye kwenye nafasi" kana kwamba wengine wako nje ya nafasi. "Mwanya" una harufu ya meno au ya kutumia udhaifu wa mtu. "Tundu" linafaa mashine: tundu la sarafu, kama tundu la laini kwenye simu, kitu kinaingia na kupotelea ndani. Kwa uwanjani ninapendekeza upenyo. Unatoka kwenye kupenya, na ndicho anachofanya yule mtu.

"Mpokeaji" nako ninakutilia shaka. Mpokeaji ni wa simu, wa wageni, wa pesa za miamala. Kwa mpira wa kurushwa hewani Kiswahili kina kudaka, kila mtu anakijua tangu utotoni kwenye rede. Mdakaji wa upenyo.

---

YadiKumi

Dada, upenyo nimeupokea kwa mikono miwili. Mdakaji hapana. Hapa kwetu anayedaka ni golikipa, ukumbi mzima utamtafuta mwenye glavu golini. Halafu mtu wa sloti mara nyingine hadaki kabisa: anampita kwotabeki kwa mbio na kukabidhiwa mpira mkononi, au anamzuia beki ili mkimbiaji apite nyuma yake.

---

Dada_wa_Kamusi

Kaka, nao wenyewe glavu wanavaa! Lakini hoja ya kukabidhiwa mkononi imenishinda. Basi "mpokeaji wa upenyo", na mara ya kwanza aandike "yule ambaye watangazaji humwita wa sloti", ili sikio na karatasi vikutane. Asiwafiche neno watakalolisikia usiku kucha.

---

Mjukuu_wa_Magomeni

Na ile ya bendera kiunoni, itakayochezwa Olimpiki ya Los Angeles 2028, nayo ina upenyo?

---

YadiKumi

Ile ni watano kwa watano, upana wa uwanja yadi 25, hakuna majitu ya mstari, hata senta anaruhusiwa kupokea. Makocha bado wanalitumia neno kwa mtu wa ndani, kati ya senta na wa pembeni, ila adhabu za kufunikwa nilizoeleza juu hazihusiki. Usiiweke kwenye karatasi ya Super Bowl.

---

Kalamu_ya_Sinza

Wakuu, mmenipa kuliko nilichoomba. Rasimu ya kisanduku hiki, nyundo zenu tafadhali:

*"Sloti maana yake ni upenyo. Kwenye mashine ni tundu la sarafu. Uwanjani ni uwazi kati ya mlinzi wa mwisho wa mstari na mpokeaji wa pembeni. Mpokeaji wa upenyo (watangazaji humwita wa sloti) husimama mstarini katika uwazi huo, na kwa kuwa hana chaki karibu anaweza kukata kulia au kushoto. Hesabu mabeki: wakiwa watano, ni nikeli, mmoja wao amewekwa kwa ajili yake. Wakiwa wanne, tazama mpira unakwenda wapi."*

---

YadiKumi

"Husimama mstarini" futa. Ukimweka mstarini umemfunika na umempa refa yadi 5. Andika "husimama yadi moja nyuma ya mstari".

---

SentiTano

Na "mabeki" ongeza "wa nyuma". Mgeni atahesabu wote 11.

---

Kalamu_ya_Sinza

Nimerekebisha yote mawili. Inakwenda kwa mchapaji kesho.